Mama Yuko Mlangoni: Funzo la Bibi Asmaa kwa Mabinti Zetu

Hapana mtoto wa kike aliyekulia katika nyumba ya Kiislamu asiyepata kusikia habari za daraja ya mama. Amezisikia chuoni, amezisikia katika mawaidha, na amezisikia arusini siku alipoolewa dada yake. Lakini neno likizoeleka sana masikioni hupungua uzito wake moyoni. Watu hulikubali upesi, kisha huendelea na shughuli zao pasipo kujiuliza linawataka watende nini.

Kwa sababu hiyo, mwezi huu tumependa kuwaletea wasomaji wetu, na hasa mabinti zetu, habari za mwanamke mmoja aliyejiuliza swali hilo, kisha akalipeleka mbele ya Mtume (S.A.W.). Huyo ni Bibi Asmaa, binti wa Sayyidna Abubakar (R.A.). Swali lake halikuwa jepesi. Alitaka kujua kama mama aliyekwisha achana na baba, aliyebaki katika mji wa mbali, na asiyeifuata dini ambayo binti yake ameihamia kwa taabu, angali na haki juu ya binti huyo. Jibu alilopewa limehifadhiwa katika vitabu vya Hadithi kwa muda wa karibu miaka 1,400, nasi twaona kwamba nyumba zetu za leo zalihitaji sana.

BIBI ASMAA ALIKUWA NANI?

Bibi Asmaa alizaliwa Makka kabla Mtume (S.A.W.) hajapewa Utume. Alikuwa dada wa Bibi Aisha kwa baba, naye wanahistoria wengi wamesema kwamba alimzidi umri kwa kadiri ya miaka 10. Mama zao walikuwa mbalimbali. Mama wa Bibi Aisha ni Bibi Ummu Ruman, aliyesilimu na kuhamia Madina. Mama wa Bibi Asmaa aliitwa Qutayla binti Abdul-Uzza, naye Sayyidna Abubakar alikuwa amekwisha mwacha katika zama za Ujahiliya.

Asmaa alisilimu mapema, akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kuikubali dini. Mwaka 622, Mtume na Sayyidna Abubakar walipokuwa wakijitayarisha kwa safari ya kuhama, yeye ndiye aliyepasua mshipi wake vipande viwili ili apate cha kufungia masurufu yao ya njiani. Tangu hapo akaitwa Dhatun-Nitaqayn, maana yake mwanamke mwenye mishipi miwili. Baadaye naye akahama, na wakati huo mimba yake ilikuwa imekwisha timia. Safari ya kutoka Makka hata Madina ni zaidi ya kilomita 400 za jangwa na majabali. Akajifungua alipofika Kubaa, nje kidogo ya Madina. Mtoto wake, Abdullah, ndiye wa kwanza kuzaliwa kwa Muhajirina katika mji huo.

Maisha yake ya Madina hayakuwa ya starehe. Mumewe, Zubair bin Awwam, siku hizo hakuwa na mali ya kutajika ila farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Bibi Asmaa mwenyewe amesimulia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimlisha farasi, akiteka maji, akishona ndoo ya ngozi ilipopasuka, na akikanda unga. Kuoka mkate hakukujua vizuri, na majirani zake wanawake wa Kiansari, aliowasifu kwa ukweli wao, walikuwa wakimwokea. Alikuwa pia akibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika shamba la mumewe, mwendo wa zaidi ya kilomita 3, mpaka baba yake alipompelekea mtumishi wa kumtunza farasi. Mwenyewe alisema kwamba siku hiyo ilikuwa kama kwamba ameachwa huru.

Twayataja haya ili msomaji afahamu ni binti wa namna gani aliyefikiwa na mama yake mlangoni. Hakuwa mtoto mdogo asiyejua uzito wa ulezi. Alikuwa mwanamke aliyebeba mimba njiani, aliyezaa ugenini, na aliyejua maana ya kulea mtoto huku mikono imejaa kazi.

SIKU MAMA ALIPOKUJA

Katika miaka ile Waislamu na Makureshi walikuwa katika vita. Walipigana Badri mwaka 624, wakapigana Uhudi mwaka 625, na mwaka 627 jeshi kubwa likaja kuuzingira mji wa Madina katika vita vya Handaki. Kila nyumba ya Muhajirina ilikuwa na ndugu zake upande wa pili. Ndipo mwaka 628 ukafanywa mkataba wa Hudaibiya, silaha zikawekwa chini, na njia baina ya miji hiyo miwili ikafunguka.

Katika muda wa mkataba huo Qutayla alisafiri kutoka Makka akaja Madina kumtazama binti yake. Alikuwa angali katika dini ya wazee wake. Alikuja na zawadi za vyakula, na samli miongoni mwake. Na katika baadhi ya mapokezi imekuja kwamba Bibi Asmaa hakuzipokea zawadi hizo, wala hakumkaribisha mama yake ndani ya nyumba, mpaka ajue kwanza hukumu ya jambo hilo.

Na tuutafakari mkao huu. Huku yuko mama mzazi, amekata masafa ya siku nyingi, amesimama na vyombo vyake mlangoni mwa binti yake. Huku yuko binti ambaye ameacha mji wake kwa ajili ya dini, na ambaye watu wa mama yake wamempiga vita mumewe na baba yake. Moyo wamvuta afungue mlango. Khofu ya Mungu yamzuia, kwani hataki kumridhisha kiumbe kwa kumwudhi Muumba. Mwenye papara angalifuata moyo pasipo kuuliza, na mwenye ukali angalimfukuza mgeni na kuhesabu kwamba hiyo ndiyo imani. Bibi Asmaa hakufanya hili wala lile. Aliuliza. Na hili ni funzo la kwanza kwetu: jambo la haki ya mama halikatwi kwa hasira, wala halikatwi kwa kudhania.

Akamweleza Mtume (S.A.W.) kwamba mama yake amemjia, naye ni mshirikina, na kwamba yu “raghiba”. Wanavyuoni wamelifasiri neno hilo kwa njia mbili. Wako waliosema kwamba maana yake ni mwenye kutumaini, yaani amekuja akitaraji wema wa binti yake. Na wako waliosema kwamba maana yake ni mwenye kuupa Uislamu kisogo. Tukishika maana hii au ile, jibu ni moja. Mtume (S.A.W.) alimjibu kwamba ndiyo, na amuunge mama yake.

Hakumwambia amuunge iwapo atasilimu. Hakumwambia ampe chakula pasipo kumwingiza ndani. Wala hakumkumbusha maovu ya Makureshi. Na Sufyan bin Uyayna, mmoja katika wapokezi wa habari hii, ameeleza kwamba kwa sababu yake Mwenyezi Mungu aliteremsha aya ya 8 ya Sura ya Mumtahana, ambayo ndani yake imebainishwa kwamba Waislamu hawakukatazwa kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwatoa katika majumba yao. Hivyo mlango wa nyumba moja ya Madina ukawa sababu ya kufunguliwa mlango wa wema kwa watu wengi mno.

DENI LA TUMBO NA LA MAZIWA

Huenda kijana akauliza: haki hiyo yatoka wapi, hata isifutwe na talaka, wala umbali, wala hitilafu ya dini? Qur'ani Tukufu imeonyesha asili yake. Katika aya ya 14 ya Sura ya Luqman, mara tu baada ya kuusiwa wazazi wawili, ametajwa mama peke yake: jinsi alivyobeba mimba katika unyonge juu ya unyonge, na jinsi mtoto anavyoachishwa ziwa katika miaka miwili. Na katika aya ya 15 ya Sura ya Ahqaf, kubeba na kuachisha ziwa kumehesabiwa miezi 30. Tazameni kwamba hayakutajwa mali ya mama, wala elimu yake, wala uzuri wa tabia yake. Limetajwa tumbo, na yametajwa maziwa. Na tumbo lile lilifanya kazi yake kabla mtoto hajapata ulimi wa kuomba.

Elimu ya tiba ya zama hizi imezidi kutufunulia uzito wa kazi hiyo. Mimba huchukua siku zipatazo 280. Katika muda huo damu ya mama huongezeka kwa kadiri inayokaribia nusu ya damu aliyokuwa nayo, na moyo wake hauna budi kuisukuma yote. Anaponyonyesha, madini ya chokaa yanayojenga mifupa ya mtoto huweza kutolewa katika mifupa yake mwenyewe, na mwili hurudishiwa baadaye. Shirika la Afya Duniani lahimiza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama matupu kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka atimize miaka miwili na kuzidi.

Na liko jambo moja linalowahusu mabinti hasa. Wataalamu wa uzazi wameeleza kwamba mtoto wa kike, angali tumboni mwa mama yake, huumbiwa mbegu ambazo kwazo atakuja kupata watoto siku za usoni. Maana yake ni kwamba bibi alipokuwa na mimba ya mama, asili ya mjukuu ilikuwa imekwisha wekwa katika tumbo lile lile. Binti aliye na akili akilifikiri hili, atajua kwamba hakubebwa na mtu mmoja tu.

Basi si ajabu kwamba alipoulizwa Mtume (S.A.W.) ni nani anayestahili zaidi kusuhubiwa kwa wema, alimtaja mama mara tatu, kisha ndipo akamtaja baba. Na si ajabu kwamba Qutayla alipofika Madina deni lake lilikuwa halijapungua hata chembe. Alikuwa amembeba Asmaa kabla ya Uislamu, kabla ya Hijra, kabla ya vita. Na hakuna lolote katika yaliyokuja baadaye lililoweza kuifanya mimba ile isiwe.

KATIKA NYUMBA ZETU

Sasa na tujitazame. Katika miji yetu ya pwani ni desturi ya zamani kwamba binti akipata uzazi wa kwanza hurudi kwa mama yake, au mama humwendea. Mama ndiye anayechemsha maji ya kumkanda, anayepika uji wa pilipili manga, anayemfunga tumbo, na anayeamka usiku mtoto aliapo ili mzazi apate usingizi. Hufanya hivyo mpaka itimie arobaini. Binti katika siku hizo humwona mama yake kama malaika. Swali letu ni hili: mwaka wa tano baada ya arobaini, na mwaka wa kumi, humwona vipi?

Wako mabinti waliosoma sana, nasi twafurahi kwa elimu yao. Lakini baadhi yao huona haya mama anapozungumza mbele ya wageni, kwa kuwa hajui lugha za ofisini, wakasahau kwamba ada za shule zilitoka katika maandazi na vitumbua vilivyochomwa kabla ya alfajiri. Wako walioolewa mbali, na wanaona kwamba haki ya mama imekwisha timizwa kila wanapomtumia fedha. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, na nyingine mfano wake kuenea katika nchi jirani, fedha humfikia mama kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Hiyo ni neema, na asiyeitumia kwa wema amepunjika. Lakini simu haimshiki mama mkono anapopanda ngazi, wala haimsomei maandishi ya dawa yake, wala haikai naye jioni akasimulia habari zile zile alizozisimulia jana. Qutayla hakupeleka samli na mjumbe. Alikwenda mwenyewe.

Wako mabinti waliolelewa upande wa baba baada ya wazazi kuachana. Hao wamesikia mengi juu ya mama zao, na pengine mengi si ya kweli. Kwao habari hii ni kama iliyosemwa kwa majina yao, kwani Bibi Asmaa naye alikuwa binti wa ndoa iliyovunjika, na baba yake alikuwa mtu bora wa umma baada ya Mtume. Pamoja na hayo, talaka ya baba haikuwa talaka ya binti. Mume na mke huachana. Mama na mtoto hawana neno la kuwaachanisha.

Tena wako mabinti ambao Mwenyezi Mungu amewaongoa wakaisoma dini yao kuliko walivyoisoma mama zao. Wamejifunza kuvaa vema, kusali kwa wakati, na kuacha mila zisizofaa. Hili ni jambo la kushukuriwa. Lakini shetani huingia hata katika mlango wa kheri. Utamsikia binti akimkemea mama yake mbele ya watu kwa sababu ya ngoma za arusi au uganga wa kienyeji, na sauti yake iko juu kama hakimu na mshitakiwa. Twamwuliza binti huyo: je, kosa la mama yako limefikia ushirikina wa Makka? Na ikiwa mwenye kushirikisha ameamrishwa aungwe, je, mama yako anayesali na kufunga utamkata kwa lipi? Qur'ani imeagiza katika Sura ya Luqman kwamba wazazi wakimshurutisha mtoto kumshirikisha Mungu asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema duniani. Na katika Sura ya Israi imekatazwa hata ile sauti ndogo ya kuguna mbele ya wazazi waliofikia uzee. Mpaka wa utii upo. Mpaka wa upole haupo.

Nanyi waume tunawakumbusha. Mke anayetaka kwenda kumtazama mama yake aliye mgonjwa haombi matembezi. Anataka kulipa deni ambalo hata wewe umefaidika nalo, kwa kuwa malezi ya nyumbani mwako yalianza katika malezi ya mama yule. Msaidie alipe. Mtoto wako wa kike atazamaye jinsi unavyomwachilia mama yake kumtumikia bibi yake, anajifunza jinsi atakavyomtumikia mama yake mwenyewe, nawe pamoja naye.

BAADA YA MAMA KUFARIKI

Huenda binti fulani akasoma kurasa hizi na macho yakamlenga machozi, kwa kuwa mama yake hayupo tena. Asikate tamaa. Katika Hadithi imepokewa kwamba mwanamke mmoja wa kabila la Juhayna alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba mama yake aliweka nadhiri ya kuhiji, akafa kabla ya kuitimiza, je, amhijie? Mtume alimwamuru amhijie, na akampigia mfano wa deni: kama mama yake angalikuwa na deni la watu yeye angalilipa, basi deni la Mwenyezi Mungu lina haki zaidi ya kulipwa.

Mwanamke yule hatukutajiwa jina lake katika mapokezi hayo. Tumetajiwa tu kwamba alimkumbuka mama yake baada ya kaburi, na kwamba mapenzi yake yalikuwa na miguu ya kwenda na mikono ya kutenda. Hivyo ndivyo yawezavyo kuwa mapenzi ya kila binti aliyefiwa: kumwombea mama dua na maghufira, kulipa madeni yake, kutoa sadaka kwa ajili yake, kutimiza ahadi zake, na kuwaendea rafiki zake wazee ambao sasa hawana wa kuwabishia hodi.

BIBI ASMAA ALIPOKUWA MAMA

Bibi Asmaa aliishi umri mrefu sana. Imepokewa kwamba alifikia miaka ipatayo 100, na macho yake yalikuwa yamepofuka. Mwaka 692 mwanawe Abdullah, yule aliyezaliwa Kubaa, alikuwa amezingirwa Makka na jeshi la Hajjaj, na wengi wa watu wake walikuwa wamemwacha. Katika shida hiyo hakwenda kwa majemadari. Alikwenda kwa mama yake, hali naye ni mzee wa kukaribia miaka 70, akamwomba shauri. Mama akamwambia kwamba yeye ndiye ajuaye zaidi nafsi yake. Akijua kwamba yuko katika haki, na asimame katika haki. Abdullah akasimama, akauawa. Mama yake hakukaa sana baada yake, naye akafariki mwaka huo huo.

Hatusemi kwamba mtoto alimheshimu mama kwa sababu tu mama alimuunga mama yake. Mambo ya mioyo yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini twaona kwamba nyumba iliyofunguliwa kwa Qutayla ikawa nyumba ambayo mzee wa miaka 70 haoni haya kurudi kuomba shauri la mama kipofu. Watoto husoma zaidi katika matendo kuliko katika mawaidha.

Basi, mabinti zetu, kama mama zenu wako hai, mnayo leo nafasi ambayo kesho huenda msiwe nayo. Msingojee sikukuu. Nendeni, na asiyeweza kwenda na apige simu, kisha apange siku ya kwenda. Na kama baina yenu na mama pana neno lililokaa kwa miaka, kumbukeni kwamba aliye mlangoni hakuulizwa ameleta nini wala alikosa nini. Iliamriwa aungwe tu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu walio hai na waliotangulia, kama walivyotulea tulipokuwa wadogo, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa miongoni mwa wenye kushukuru. Amin.